Nilipopewa ARV za miezi sita, nilimwomba nesi anipe za mwezi mmoja

Wakuu, salaam kwenu. Haya ni yangu mwenyewe na sijatia chumvi. ID hii nimeifungua kwa ajili ya uzi huu tu, kwa hiyo msinitafute.

Mimi ni mjane, nalima tangawizi na maharage huku Mhezi. Naishi na mama mkwe. Dawa za VVU natumia mwaka wa saba sasa.

Kila mwezi nilikuwa nashuka kliniki Same mjini. Alfajiri napanda Noah, jioni ndio narudi. Karibu na nyumbani ningepata huduma, ila huko kila mtu ananijua. Mama mkwe nilimwambia nafuata sabuni na mbegu.

Kidonge chenyewe ni kimoja kwa siku, wala hakinisumbui. Kilichonichosha ni safari na ule uongo.

Mwaka huu nesi akaangalia majibu yangu, akasema, "Dada, virusi vimeshuka mpaka kipimo hakivioni. Leo unachukua za miezi sita."

Mwingine angeshangilia. Mimi nikamwambia, "Naomba za mwezi mmoja. Sina pa kuziweka."

"Nyumbani nani anajua?"

"Hakuna."

Hakunilazimisha. "Uamuzi ni wako. Ila ukizichukua, zikae kwenye makopo yake. Unyevu wa huko kwenu utaziharibu."

Niliona aibu, maana zangu nilikuwa nazitoa kwenye kopo na kuzifunga kwenye kitambaa ili zisipige kelele.

Nikafikiria zile safari na ule uongo, nikazichukua. Nikazificha nyuma ya magunia.

Mwezi ukapita sijashuka. Wa pili pia. Siku moja tunapukuchua maharage uani, mama akauliza taratibu, "Mwanangu, mbona huendi tena Same? Na yule bwana mmeachana?"

Wakuu, kumbe miaka yote alidhani nina mwanaume mjini!

Nilicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikamweleza yote.

Mikono yake ilibaki ndani ya maharage. Halafu akasema, "Na mumeo, mwanangu yule, ndicho kilichomwondoa?"

"Ndiyo, mama. Aliogopa kuonekana kliniki, akaacha dawa."

Alijifuta uso kwa kanga, akachukua panga, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Mimi nikabaki pale nikiwaza nianze kufungasha au nisubiri kuambiwa.

Aliporudi akaniita chumbani kwake. Nguo zake zote zilikuwa kitandani, sanduku liko tupu.

"Zilete," akasema. "Humu hamna unyevu."

Wakuu, sisemi kila mtu atangaze. Kuna nyumba ukisema unafukuzwa, nalijua hilo. Ila usikatae dawa za muda mrefu kwa hofu ya pa kuziweka kama nilivyotaka mimi. Mwambie nesi ukweli wako. Na kama nyumbani yupo hata mmoja unayemwamini, mfikirie.

Mlio kwenye dawa, nani alikuwa wa kwanza kujua, na ilikuwaje? Nasoma zote. Wa kejeli apite tu.