Siku Ukuta Ulipoiimbisha Kwaya Tangazo la Chakula

Siku hizi nikipita jirani na kanisa letu hapa Makere watoto wananiuliza chakula kipo wapi, na wakubwa wao wanacheka bila kuwakemea, nami siwalaumu, kwa sababu kosa ni langu kabisa. Wacha niwasimulie mwenyewe, maana wengine wanatia chumvi (hakuna mgeni aliyebeba sufuria, huo ni uongo).

Sauti ya kuimba sina, na mbele za watu ulimi wangu unakauka. Shule niliishia darasa la saba. Lakini kompyuta naipenda, na Mwalimu Tatu, aliyeletwa kutoka Tanga kufundisha sekondari, alikuwa ananiazima laptop yake na kunielekeza kuandika programu ndogondogo. Basi nikatengeneza moja ya kwaya: inafungua faili lenye maneno ya wimbo, inasoma mstari mmoja mmoja na kuurusha ukutani kwa projekta, nikibonyeza kitufe unakuja mwingine, na mistari ikiisha inarudi mwanzo. Mzee Filbert, mwalimu wa kwaya, aliifurahia mpaka akapiga marufuku makaratasi, kwa kuwa waimbaji wetu wana tabia ya kujificha nyuma yake.

Jumapili hiyo tulipokea wageni, kwaya ya Gwarama, na mchungaji kutoka Kasulu mjini aliyekuja kuchagua kwaya moja ya kwenda kuimba kwenye mkutano mkubwa kule. Sisi hatujawahi kuchaguliwa hata mara moja. Mzee Filbert alikuwa ametunga wimbo mpya, mrefu, na hakuna aliyeushika vizuri kichwani, lakini wasiwasi wa nini, ukuta upo.

Waimbaji wakijipanga mbele, mzee akaniinamia.

"Mwanangu, mwishoni mwa wimbo tuwekee tangazo dogo. Wageni wajue chakula kipo nyuma ya kanisa."

"Sasa hivi, mzee?"

"Kwani ni kazi?"

Mtu mwenye ulimi angesema hilo tulitangaze kwa mdomo. Mimi nikaitikia ego, yaani ndiyo, kama tunavyowaitikia wazee nyumbani, nikaandika. Sasa kosa langu ni hili: programu ikitaka kuandika kwenye faili, unaiambia kwa herufi moja iandike vipi. Ukiipa w inaanza upya, yaani ikifungua tu inafagia kila kilichokuwemo, na ukiipa a inaongezea mwishoni. Jumamosi nilipouingiza wimbo nilitumia w, faili likiwa bado tupu, ikafanya kazi vizuri sana, basi Jumapili nikatumia amri ileile, na wala sikulifungua faili nione kilichobaki (haraka, na macho ya watu mgongoni).

Kinanda kikaanza. Kwetu kinanda kikishaanza hakuna kusimama, kwaya iliyosimama katikati inasimuliwa mpaka Nyabibuye. Dada Dafroza, anayetuanzishia nyimbo, akainua macho ukutani, akakuta: Wageni wetu wa Gwarama, chakula kipo nyuma ya kanisa. Akanitupia jicho. Kisha akaimba. Akaimba kwa sauti yake ile inayoliza watu msibani, wageeeni wetu, na wenzake wakaitikia, besi wakishuka nayo, nyuma, nyuma, nyuma ya kanisa. Nikabonyeza kitufe, ukaja mstari uleule. Nikabonyeza tena, uleule, na kwaya ikadhani ni kibwagizo, ikaongeza nguvu, mpiga ngoma naye akanogewa.

Wageni wale ni watu wa adabu, wakiitwa wanaitika, tena walikuwa wameondoka Gwarama alfajiri juu ya lori bila chai. Mzee wao mmoja akasimama, mkewe akamfuata, kisha benchi zima, wakatoka wakicheza taratibu kwa mstari. Mimi nilikuwa karibu na dirisha, nikamsikia Mama Anitha, mkuu wa wapishi, akiwazuia mbele ya masufuria.

"Mnakwenda wapi?"

"Tumeitwa."

"Na nani?"

"Na kwaya, mama. Wametuita mara nyingi."

"Wali bado mbichi. Rudini mkasikilize neno."

Wakarudi kinanda kikimalizia. Mchungaji alikuwa amefunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, nami nikafikiri analia kwa ajili yetu. Mzee Filbert akanijia polepole.

"Wimbo wangu uko wapi?"

"Nimeufuta, mzee."

"Wote?"

"Wote."

Akaenda kuwakaribisha Gwarama mbele, nao wakaimba wimbo wao. Wali ulipoiva nilikula nimesimama, peke yangu, kando ya shina la mgomba.

Baada ya chakula mchungaji akasimama kutoa uamuzi. Akasema Gwarama wameimba vizuri, tena vizuri sana, ila kwaya inayoweza kuimba tangazo la wali kwa uchungu namna ile bila kusimama haitatishwa na mkutano wowote, hivyo Makere wataenda Kasulu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akawatuliza kwa mkono.

"Ila mkaimbe wimbo. Na yule kijana wa ukutani?"

"Naye atakuja," akasema Mzee Filbert. "Atabeba ngoma."

Nikazibeba, kwenda na kurudi, na waliimba vizuri, wameshika makaratasi yao. Tangu hapo siandiki kwenye faili lolote kabla sijalinakili pembeni, na nikiombwa jambo wakati kinanda kinasubiri nasema hapana, kwa sauti ndogo na kwa aibu, lakini nasema.