Mshono wangu wa mkono wa kushoto ulivyonasa bunduki bandarini Mahajanga

Wakuu, salaam kwenu wote humu.

Mimi ni msomaji wa kimya. Shule yangu iliishia darasa la sita na nachapa kwa kidole kimoja, nivumilieni. Haya niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Madagaska. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, wa familia ya Kikomori pale Tanambao, Mahajanga. Nilikuwa na aibu! Mgeni akibisha hodi, mimi nimeshajificha jikoni.

Mwaka huo huko bara hapakukalika. Wezi wa ng'ombe, waliozoea mikuki, walikuwa wamepata bunduki. Mjomba wangu alipigwa risasi ya paja akiwa machungani. Wachungaji wakahama, mnada wa ng'ombe ukafungwa, nyama tukawa tunaisikia tu. Kila mtu aliuliza: bunduki zinapitia wapi?

Mimi wakati huo nilikuwa kisiwani Nosy Be, kwa shangazi yangu mtaa wa Ambondrona, tunashona magodoro ya sufi. Akaja mfanyabiashara mmoja, Bwana Kasimu, akaagiza manne ya bibi harusi. Tulipomaliza akayachukua, akasema yatakaa kisiwani Nosy Sakatia kwa ndugu yake mpaka boti ipatikane.

Niseme kidogo hapa. Kwetu godoro la bibi harusi mwanamume wa nje anaweza kulibeba, lakini halipekui. Watu wa forodha walichoma magunia yote kwa chuma kirefu, lakini mbele ya godoro hilo waligeuza uso. Kulichoma ni kuivunjia heshima nyumba nzima.

Basi, nikarudi nyumbani kwa boti ile ile iliyobeba magodoro. Bandarini nikamkuta kaka yangu Abdu, mvuta mkokoteni. Kumbe Kasimu amemkodi yeye ayapeleke magodoro kwenye lori la bara. Nikamsaidia kufunga kamba.

Hapo nikauona mshono.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Mshono wangu hulalia upande wake, na shangazi alinicheka kwa huo kila siku. Huu ulilalia upande wa pili. Mtu alikuwa amelifumua godoro langu akalishona upya.

Nikabonyeza katikati. Gumu kama chuma.

Nikakumbuka risasi ya mjomba na zile bunduki za bara. Yakishikwa njiani, atakayefungwa ni Abdu, si Kasimu. Yasiposhikwa, kuna mjomba wa mtu mwingine atakayepigwa risasi.

Nikamnong'oneza Abdu. Akacheka. "Dada, hiyo njaa ya safari. Twende ukale."

Afisa wa forodha alisimama hatua kumi tu. Wakuu, sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

"Godoro hili nimeshona mimi," nikasema. "Mshono huu si wangu."

Kasimu, aliyekuwa pale akisimamia mzigo wake, akaangua kicheko. "Bubu wa Tanambao kapata ulimi! Afisa, utapekua kitanda cha mwari wa watu?"

Afisa akaficha mikono nyuma. "Mimi siligusi hilo."

"Usiliguse," nikamwambia. "Mimi ni mwanamke, tena ndiye fundi wake."

Nikatoa mkasi wangu, nikakata kutoka pembe hadi pembe. Sufi ikapeperuka ikatua kwenye kofia ya Kasimu. Kisha mtutu ukachomoza. Wa pili. Wa tatu.

Kasimu alitimua mbio. Wapagazi walimdaka kabla hajafika getini, sufi bado kichwani.

Nikakata yote manne. Yote yalikuwa na bunduki.

Abdu alikaa chini. "Dada, nitakutekea maji mpaka uolewe." Alinitekea wiki mbili.

Ndugu yake Kasimu, yule wa Sakatia, naye alikamatwa, na bunduki zikaanza kuadimika bara. Siku mnada ulipofunguliwa, mjomba aliingia akichechemea, ng'ombe wake mbele, akapita mlangoni kwetu makusudi ili niwaone. Sikujificha jikoni. Nilisimama nje.

Nilichojifunza: mhalifu hujificha nyuma ya heshima zetu kwa sababu anajua tutaona haya kuuliza. Ukiijua kazi yako, sema, hata kama sauti inatetemeka.

Kidole kimechoka. Na nyie tuambieni, kazi yenu iliwahi kuwafichulia nini?