Niliyesema Naumwa

Nilikuwa mlezi katika nyumba ya serikali ya kulelea watoto, Wete. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, kuwaamsha kwa sala ya alfajiri, na kumsindikiza mahakamani kila mtoto mwenye kesi. Hili la mwisho ndilo lililonishinda.

Binti mmoja wa miaka kumi na tano, yatima kutoka Gando, alishtakiwa kwamba ameiba simu katika duka moja la Konde. Mara ya kwanza nilikwenda naye. Kwenye benchi la nje tukamkuta jirani yangu wa Jadida, amekuja kwa shauri la shamba. Akanitazama mimi, akamtazama binti.

"Huyu wako?"

"A-a," nikajibu haraka. "Wa kazini huyu."

Binti alikuwa amekaa ubavuni mwangu, bega lake limegusa langu. Akasogea kidogo.

Tarehe ya pili ilipofika nilimpigia pasi sare ya skuli, nikamwambia aende peke yake, si mbali.

"Na wakimuulizia mlezi?"

"Waambie naumwa."

"Unaumwa nini, mama?"

"Kichwa."

Alirudi kabla ya adhuhuri. Hakimu amekataa kusikiliza shauri la mtoto asiye na mlezi wake, kaliahirisha mwezi mzima, na tarehe mpya imeangukia siku ya mtihani wake wa hesabu. Alinieleza hayo huku anavua mtandio. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tarehe hiyo mpya ilipofika tukaenda wote. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alianza na mimi.

"Pole, Bibi. Binti alituambia huwezi hata kunyanyuka kitandani. Tulimuuliza mara mbili, akashikilia hivyo hivyo. Sasa hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Nililitaja jina la Mungu juu ya uongo wangu, mbele ya mtoto aliyeshtakiwa kwa wizi, aliyeukuza uongo ule ili kunisitiri. Yeye alikuwa ameinamia sakafu. Mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Mwenye duka aliulizwa maswali machache tu, akakiri kwamba hakumuona akiichukua simu. Shtaka likaondolewa palepale. Lingeweza kuondolewa mwezi uliopita.

Tulipotoka nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Siku ile sikuwa naumwa."

"Najua. Niligeuka pale njia panda, nikakuona uwani unaanika nguo."

Kisha akauliza kama atawahi mtihani. Nilijua umeshakwisha. Nikamwambia tujaribu, tukatembea mbio mpaka skuli, na mwalimu akamrudisha mlangoni.

Tangu hapo nimewasindikiza wengi na sijakosa tarehe hata moja. Yeye ameolewa Konde. Tukikutana sokoni huushika mkono wangu akaubusu, mbele za watu, na mimi hutamani kuuvuta.