Kamati ya chuo ilivyotupangia bei ya tanuri la kukaushia mbao

Kamwene wakuu,

Leo natoa la moyoni, na siongezi chumvi. Habari yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Mimi ni fundi seremala Mafinga, elimu yangu form four. Bosi wangu ni mjane, tunamwita Mama Edina, ana karakana ya milango. Shida yetu mbao mbichi. Mlango ukifika Dar unapinda, mteja anaurudisha. Mama alishatuambia, tusipopata namna ya kukausha, anafunga.

Nikasikia chuo kimoja Mbeya wamebuni tanuri linalokausha mbao kwa moto wa vumbi la mbao. Wakuu, vumbi hilo sisi tunalitupa! Nikaanza kuota mchana kweupe.

Tukapanda basi, mimi na mama. Tanuri tumeliona, linafanya kazi kweli. Mhandisi aliyelibuni, kijana mpole, alitupatia ubao tuugonge. Mkavu kabisa. Mama akatabasamu.

Tukauliza bei ya kibali cha kutengeneza la kwetu.

Kumbe bei inapangwa na kamati. Na kamati haikuuliza karakana inabaki na nini kwenye mlango mmoja. Wamejumlisha gharama zao zote: semina, safari, chai, hadi fulana za uzinduzi. Eti hiyo ndiyo thamani ya teknolojia. Kwa bei ile mama angenunua lori.

Akaomba wapunguze, kama tunavyoombana sokoni. Mwenyekiti akasema ombi litajadiliwa.

Wakajadili. Bei ikapanda.

Kisa? Posho za kikao cha kujadili punguzo nazo ni gharama za mradi.

Mama akamwambia taratibu, "Baba, naomba msikae tena. Mkikaa mara nyingine nitauza na nyumba."

Aliyecheka ni mhandisi peke yake, tena ameinamisha uso. Nilimhurumia. Tulipotoka alininong'oneza kwamba tanuri lile halijawahi kununuliwa hata na mtu mmoja.

Karakana imefungwa, wakuu. Mama anauza mbao mbichi barabarani, mimi nabangaiza vibarua mtaani Kihesa. Tanuri linapelekwa maonesho, wakubwa wanapiga nalo picha.

Nilichojifunza: hawa wasomi wanajua kila walichotumia, ila mnunuzi hawamjui. Wangesema wachukue kidogo kwa kila mlango tutakaouza, leo tungekuwa tunakula wote. Mimi bado naamini siku moja nitalijenga.

Mliowahi kununua teknolojia chuoni, mliwezaje? Na kama humu yumo mjumbe wa kamati, karibu uchangie. Posho hakuna.