Kiti Chakuita, Bi Moza

Hebu mwone Mwatum binti Silima anavyokuja na njia ya Wesha, jua limeshapanda, buibui kalibana kwapani, miguu haina haraka. Nyuma yake Kazija na Mwanakhamis, mashahidi. Mwaka huo ni wa 1938.

Mwatum alikuwa msokota kamba za makumbi ya nazi, mjane, mcheshi kwa kila mtu. Fahari yake ilikuwa moja tu: kuwa makamu wa raisi katika chama cha ngoma ya lelemama cha wanawake wa hapo. Raisi mwenyewe, Bi Moza, alianguka tangu mavuno ya karafuu. Yu kitandani, macho wazi, hasemi, wala mkono hauinuki.

Chama kilikuwa na kanuni yake. Raisi asipojiweza, makamu huenda mlangoni kwake mchana, na mashahidi wawili, akamwita mara tatu. Akiitika hata mara moja, kiti bado chake. Asipoitika, makamu hukikalia mpaka siku atakayoitika. Na Mwatum, tusimfiche, alikitaka kiti kile. Miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama ubavuni mwa Bi Moza.

Akafika mlangoni, akaita: "Bi Moza, kiti chakuita."

Akaita tena. Kimya, hata kuku uani wakaacha kuparura. Mara ya tatu akasikia, "Abee." Sauti ya Bi Moza khasa, ila haikutoka chumbani. Ilitoka karibu mno, kama mtu yumo ndani ya buibui lake.

"Kaitika?" akauliza Mwanakhamis. "Mie masikio yangu haya, bibi, ni mapambo tu."

Kazija naye hakusikia kitu, akamtazama yeye. Mwatum akalibana buibui lake. "Hakuitika."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, akakalishwa kitini. Kazija akamtania kwamba kiti kimempenda kuliko marehemu mumewe. Mwanakhamis akaanza kuita majina ya wanachama, na kwa adabu akatanguliza la mgonjwa.

"Bi Moza."

"Abee," kikasema kinywa cha Mwatum.

Wenziwe wakacheka, wakidhani mzaha. Mwatum akataka kuinuka. Miguu ikagoma, mizito kama ya mtu aliyelala tangu mavuno. Papo hapo akaingia Mwanawema, bintiye Bi Moza, anahema. Akasema mama mikono imeamka: viganja vyasuguana juu ya paja, vyasokota kamba isiyoonekana. Na Bi Moza maisha yake hajapata kusokota kamba.

Kanuni yasema raisi akiitika, kiti ni chake. Haya, ndugu yangu, raisi kaitika, tena kwa kinywa cha aliyekikalia. Nani basi ainuke?