Nyimbo za Palizi Kwenye Flopi ya Bibi

Tangu wiki ianze situlii. Ninaketi mezani, ninasimama, ninatazama ukungu wa Mjimwema dirishani, ninarudi mezani. Kompyuta kuukuu zimepangwa mbele yangu, na hakuna inayoelewana na mwenzake ila ile ya katikati. Nilipovuta kibati kinachofunika flopi ya bibi, kile kisahani cha zamani cha kuhifadhia maandishi ya kompyuta, harufu ya moshi ilinipiga puani, nikawa jikoni kwake.

Kama ulikulia huku kwetu, jiko lile unalijua. Kuni za mwati, viazi vikichemka na maganda yake, na juu ya moto, kwenye dari ya fito, mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa ili moshi uyalinde na wadudu. Kwa bibi, kitu cha kufika mwaka mwingine sharti kipite juu ya moto. Ndiyo maana flopi zake alizifunga kitambaani, akazitundika katikati ya mahindi.

Zilikuwa na nyimbo zake za palizi. Bibi ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye mgowe, ile kazi ya pamoja ambayo majirani walipalilia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kisha wakakaa kunywa togwa. Jirani yetu mwalimu alikuwa na kompyuta ndogo aliyoachiwa na wageni wa misheni. Akamwomba bibi amtajie maneno, akayachapa kwa Kibena. Baadaye mwalimu akahamishiwa Matamba, akaondoka na kompyuta yake, bibi akabaki na flopi.

"Nikifa, hizi hazifi," aliniambia, akiigeuza moja mkononi kama anayekagua yai.

Lakini alitaka kuziona nyimbo zake kwenye karatasi akiwa hai. Tukaenda Makambako, kwenye duka la kuchapa karibu na stesheni. Mwenye duka, mfanyabiashara wa Kiislamu aliyehamia kutoka Tabora, alimwamkia bibi kwa heshima, akaingiza flopi. Mashine ikakoroma.

"Bibi, flopi yako hii imesoma shule gani? Mashine yangu haiielewi kabisa."

"Ya mwalimu iliielewa."

"Basi hiyo itakuwa ya Kilutheri. Hii yangu imeshasilimu."

Bibi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona kidole cha yule bwana kimesimama juu ya kitufe.

"Inakuuliza nini hiyo?"

"Inauliza kama iiandae upya."

"Ikishaiandaa, nyimbo zangu je?"

"Zinafutika, bibi."

"Baba, toa mkono wako hapo."

Tukarudi nyumbani. Flopi zikapanda tena darini, na bibi akafariki bila kuziona nyimbo zake kwenye karatasi.

Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuokota na mashine mbovu. Flopi haikuwa na kosa, wala yule bwana. Kompyuta ya mwalimu ilibadili kasi ya kuzungusha flopi kadiri kichwa cha kusomea kilivyotoka ukingoni kwenda katikati. Ya Makambako ilizungusha kwa kasi moja tu, kwa hiyo iliona flopi tupu. Ilihitajika mashine ya ukoo wa ile ya mwalimu, ila ya toleo la baadaye, yenye uwezo wa kusoma flopi za aina ya mwalimu na kuandika za aina ya Makambako. Nimeitafuta miaka mingi. Ndiyo hii ya katikati.

Masizi niliyafuta kwa pamba na spiriti. Flopi ya kwanza ilikwaruzika, ikaenda na nyimbo zake. Ya pili ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena, nami nikawa nazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jana mchana maneno yakatokea. Kibena cha bibi, herufi kwa herufi.

Nikaanza kuimba. Mstari wa kwanza ni wake. Chini yake mwalimu ameandika neno moja: wote. Mstari mwingine wa bibi, kisha: wote. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kiitikio hakukiandika. Wakati ule nani hakukijua? Hata mimi nilikiitika, nikiwapelekea wapalizi maji ya kunywa.

Nikampigia simu shangazi yangu, aliyekuwa akipalilia kwenye mgowe ule. Nikamwimbia mstari wa bibi. Akaanza, akakwama, akaanza tena.

"Kiko hapa mdomoni, mwanangu, hakitoki."

"Jaribu polepole, shangazi."

"Si polepole. Sisi hatukuwa tunakikumbuka, tulikuwa tunaitika tu. Mwenzako ana jembe huku, mwingine ana jembe huku, kinakuja chenyewe."

Siku hizi shamba la bibi linapigwa dawa ya magugu na mtu mmoja, bomba mgongoni, simu ikimwimbia mfukoni. Anamaliza mapema, na sina la kumlaumu.

Faili nimelinakili kila mahali ninapopaamini. Ni zima, hakuna herufi iliyopotea. Nimelichapa pia kwenye karatasi. Ninaimba mstari wa bibi, ninafika kwenye neno lile la mwalimu, ninanyamaza, ninasikiliza.