Ubeti wa Sita wa Shangazi Vibeke

Gry Thorsager alisomea biokemia na biolojia ya molekuli miaka mitano pale chuo kikuu cha Odense, akafaulu vizuri tu, akatoka na shahada ya uzamili. Kwenye tasnifu yake alichunguza jeni moja ya chachu. Sasa chachu aliipima kwa kilo, nyuma ya duka la mikate, nywele kazifunga kwa wavu.

Kuoka mikate si aibu, na mwenye kusema ni aibu na ale unga mbichi. Aibu ya Gry ilikuwa nyingine: baba yake hakujua.

Mambo yalianza hivi. Aliitwa kwenye usaili wa mwisho katika kiwanda cha insulini, akatoka mle anaelea kwa furaha, akampigia simu baba yake palepale kwenye maegesho: "Wamenichukua, Baba!" Hawakuwa wamemchukua, ila alikuwa na hakika watamchukua. Jibu lilipokuja, lilimshukuru sana, likamwambia waombaji walikuwa wengi na wengine walikuwa na shahada ya uzamivu. Hilo hakulipigia simu.

Na mzee Aksel, mfuga nguruwe wa Jutland, mwenyewe alikuwa mtu wa kujidunga insulini kila siku. Unadhani angenyamaza? Alimwambia daktari wa mifugo, akamwambia dereva wa chakula cha nguruwe, akawaambia wa kanisani.

Akafikisha miaka sitini. Kwao Jutland sherehe ya namna hiyo bila wimbo ni kula tu na kwenda zako. Jamaa mmoja huchukua tuni inayojulikana na wote, akaitungia beti za maisha ya mwenye sherehe, akachapa nakala, na ukumbi mzima ukaimba. Mtunzi wa ukoo alikuwa Shangazi Vibeke, dada yake Aksel, na habari zake alizikusanya kwa simu.

"Gry mpenzi! Nakutia ubeti wa sita. Kule kiwandani unafanya nini hasa? Niambie kwa lugha ya watu, mimi hiyo sayansi yenu inaniumiza kichwa."

Gry alikuwa na kinyunya mpaka kwenye viwiko. Angeweza kusema. Nafasi ndiyo ile, na mwanamke mwenyewe ni mcheshi, angecheka yakaisha.

"Natengeneza insulini, Shangazi."

"Loo! Vina vyake vitanitoa jasho, lakini nitavipata!"

Akavipata. Siku ya sherehe, nyama ya nguruwe ilipokwisha kuliwa na viazi vilivyokaangwa kwa sukari vikabaki vichache, karatasi ziligawanywa na kinanda kikaanza. Beti tano zilimcheka Aksel: trekta alilolitumbukiza mtaroni, suruali ya harusi iliyopasuka. Kisha wa sita:

*Kila Aksel adungapo tumboni sindano yake,*
*Insulini aipika huyuhuyu binti yake!*

Watu wakageuka kumtazama huku wanaimba. Gry naye aliimba, maana kunyamaza kungeonekana. Aliyaimba yote, kila neno, uso unamwaka. Baba yake alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa cha mezani.

Hapo akashindwa. Kinanda kiliponyamaza alimshika mkono mzee, akamvuta mpaka kwenye chumba cha kutundikia makoti.

"Una nini, mwanangu? Umekunywa?"

"Baba, sipo kiwandani. Hawakunichukua. Naoka mikate."

Aksel alicheka kidogo, kisha akaacha. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilikupigia kabla hawajajibu, halafu nikaona haya kukwambia."

"Na Vibeke?"

"Aliniuliza, nikamdanganya na yeye."

Mzee alitazama makoti. Gry alisubiri aseme kazi ni kazi, kama alivyozoea kuwaambia vijana waliokuja kuzoa mavi ya nguruwe wake. Hata angefoka, ingekuwa nafuu.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi." Akaiweka sawa tai yake, ingawa haikuwa imepinda. "Usimwambie mtu."

"Leo?"

Mzee aligeuka. Aliingia ukumbini, mlango ukabaki wazi nusu, na Gry akamsikia daktari wa mifugo akiuliza binti wa insulini amekimbilia wapi, wanataka kumpigia hurra za shangwe.

"Mwacheni apumzike," alisema Aksel kwa sauti ya kuchangamka ambayo Gry hakuwahi kumsikia nayo. "Si mnajua tena, kule kiwandani kwao wanawakamua kweli. Juzi tu wamempandisha cheo."